Tangi Lisilopumua

Injini haikufa ghafla. Iliaga.
Ilianza kikohozi pale kwenye mwamba mwekundu,
ikakohoa tena tulipolipita boya la pili,
kisha ikashusha sauti
kama mtu aliyeingia chumba chenye maiti.

Nikabaki katikati ya Saimaa,
ziwa lenye visiwa vingi kuliko majina,
na mfuko wa barua, magazeti mawili,
na dawa ya presha ya bibi Lempi Hyvärinen
anayenihesabia dakika kwa darubini.

Nikampigia fundi Urho. Jumamosi!
Jumamosi Urho huwa ndani ya sauna.
Mkewe akapokea, akaenda, akarudi:
"Anasema usifungue kitu. Sikiliza kwanza."

Nikasikiliza.
Nikazungusha ufunguo nusu, bila stata.
Pampu ikaimba sekunde mbili, ikanyamaza.
Haya. Umeme upo, fyuzi haina kosa.

Enzi za kabureta baba aligonga bakuli lake
kwa mpini wa bisibisi, akatukana kidogo,
na safari ikaendelea.
Hii ya sasa haigongwi.
Ina kompyuta, ina nozeli zenye matundu
membamba kuliko unywele,
inataka petroli yake kwa kipimo, kwa shinikizo,
na matusi haiyasikii.

Nikakinga ya kwenye chujio ndani ya chupa ya jemu,
nikaiacha itulie, nami nikajilazimisha kutulia.
Petroli ya siku hizi imechanganywa na spiriti,
na spiriti ikiona maji huyakaribisha
kama ndugu aliyepotea.
Nikainua chupa juani:
tone moja chini, kama jicho la dagaa.
Tone moja haliui injini.
Nikakaza kifuniko. Ziwani hatumwagi.

Nikafunga geji. Nikapiga stata.
Ikawaka, ndiyo, huwaka kila ikipumzika,
ndiyo maana wiki nzima nimekuwa nikidanganywa.
Nikaongeza mafuta. Mshale ukasimama imara,
ukatetemeka,
ukaanza kushuka, taratibu,
mzee kwenye ngazi asiyetaka kushikwa mkono.

Hapo ndipo nilipoliona puto la mpira,
lile la kukamua, katikati ya bomba:
limebonyea, kuta zimegusana,
shavu la mtu asiye na meno.
Kumbe pampu inavuta
na huko nyuma kuna anayekataa kuachia.

Nikafungua mfuniko wa tangi.
Fyuuu.
Si petroli iliyotoka. Hewa iliingia,
ndefu, yenye kiu,
na puto likajaa mkononi mwangu
kama kitu kilichosamehewa.

Kumbuka: wiki nzima nimemlaumu muuza petroli.
Nimenunua plagi nne mpya.
Nimemnunia Urho, kwamba alinifungia chujio bovu.
Na tangi lilikuwa linaomba pumzi tu.

Nikainama ubavuni mwa boti
pale penye kitundu cha kupumulia, kidogo kama kifungo cha shati.
Nikachokonoa kwa pini ya nywele.
Kikatoka kitu cheupe, laini, pamba isiyo pamba:
nyumba ya buibui.
Vuli iliyopita, boti likiwa juu ya magogo,
alipanga hapa bila mkataba,
akaweka mayai, akafunga mlango.

Injini ikanguruma hadi gatini, haikukohoa.

Lempi alikuwa amesimama na saa yake.
"Dakika arobaini na saba."
Nikampa dawa. Nikamsimulia pampu, geji,
tone la maji, puto, yote,
nikijivuna kidogo, nakiri.
Alisikiliza mpaka mwisho,
akakunja gazeti mara mbili, akauliza:

"Na mayai umeyaweka wapi?"

Nikafungua kiganja.